Mpwa wangu ni bingwa wa gemu la gitaa, mbele ya amadinda akapotea. Gemu za mdundo zinafundisha muziki kweli?

#1 Mjomba_wa_Walukuba
Wadau, habari za jioni. Kuna jambo limenikaa kichwani wiki ya pili sasa, nalileta kwenu.

Shule zilipofungwa, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, jirani yetu hapa Jinja alikuwa na PlayStation 2 kuukuu yenye Guitar Hero, gemu la kubonyeza vitufe kwa kufuata mdundo wa wimbo. Gitaa la plastiki la kuchezea gemu hilo hakuwa nalo, walitumia pedi ya kawaida. Mpwa wangu alicheza hadi alama za vitufe zikafutika. Sasa ana simu, amehamia kwenye zile gemu za vigae vya piano vinavyoshuka. Wimbo wa kasi kabisa anaumaliza bila kukosa hata kigae kimoja, macho hayapepesi. Nilishatangaza nyumbani kwamba huyu mtoto muziki uko damuni.

Juzi tulikwenda harusini upande wa Mukono. Kulikuwa na amadinda, marimba ya Kiganda ya vibao 12 juu ya vigogo viwili vya mgomba. Wapigaji walipopumzika, mzee mmoja akamwita kijana akae mkabala naye, akamfundisha mpangilio mfupi. Aliushika kabla chai yangu haijapoa. Peke yake alipiga vizuri, sawasawa, bila kukimbia. Kisha mzee akaingia na sehemu yake. Hapo hapo mikono ya mtoto ikavutwa. Alitakiwa kupiga kwenye upenyo, kati ya pigo moja la mzee na jingine, lakini fimbo zake zikawa zinatua pamoja na za mzee. Mmewahi kuona watu wawili wanatwanga kinu kimoja halafu michi ikagongana? Ndivyo ilivyokuwa. Wakarudia mara nne. Mzee akamwambia kwa upole, "Usinifuate mimi, kaa katikati."

Tukiwa njiani kurudi alinyamaza hadi karibu na Lugazi, kisha akasema: "Mjomba, hakukuwa na pa kutazama."

Swali langu: saa zote zile zilimfundisha nini?

#2 Kijana_Kisenyi
Zilimfundisha vidole tu, mzee. Gemu ni gemu. Mtu anaendesha gari kwenye gemu miaka mitano, mpe teksi pale Old Taxi Park, Kampala, uone kama atatoka. Wajapani wa Konami walipotengeneza Guitar Hero walitaka hela, hawakuwa wanafungua shule ya muziki.

#3 Fundi_Redio_Arua
Kaka wa Kisenyi, hapo kwa Wajapani rekebisha. Guitar Hero ya 2005 ilitengenezwa na Harmonix wa Marekani, kule Massachusetts. Konami walikuwa na GuitarFreaks kabla yake, yenye vitufe vitatu shingoni. Guitar Hero ikaja na vitano. Waanzilishi wa Harmonix, Alex Rigopulos na Eran Egozy, walitoka chuo cha MIT, na huyo Egozy ni mpiga klarineti hasa. Kwa hiyo usiseme hawakujua muziki. Walichotaka ni mtu asiyejua kupiga aonje raha anayoonja mpigaji.

Ila kwa mpwa wa Mjomba naona jambo jingine. Kwenye gemu lile wimbo umesharekodiwa, gitaa liko kwenye njia yake ya sauti. Ukibonyeza kwa wakati, gemu linaliachia lisikike. Ukikosa, linalizima. Maana yake kosa lako ni kimya. Kwenye ala ya kweli kosa lako ni sauti, tena sauti inayoingia masikioni mwa mwenzako na kumtikisa. Mtoto amekaa miaka na kosa lisilomdhuru mtu. Siku ya kwanza kosa lake lilipogonga mikono ya mzee, akashtuka. Mimi naona hofu hapo, uziwi sioni.

Na pedi ya kawaida hata kuchapa nyuzi hakuna, unabonyeza tu.

#4 Mwalimu_Mbale
Asanteni kwa uzi huu, unanigusa.

Mimi nafundisha shule ya msingi, na kila mwaka naandaa watoto kwa mashindano ya MDD, yaani muziki, ngoma na maigizo. Wale wa gemu za simu nawajua siku ya kwanza. Kasi yao haiyumbi, hilo nawapa kwa moyo wote. Wengine wakifika kwenye sehemu ngumu wanapunguza mwendo, wao hapana. Lakini muhula uliopita nilifanya jaribio dogo. Nilikuwa nawapigia ngoma wairudie, wakairudia vizuri sana. Kisha nikageuka, nikawapa mgongo, nikapiga mdundo ule ule. Watoto watatu niliokuwa nikiwategemea kuliko wote wakakosea papo hapo. Kumbe hawakuwa wananisikiliza, walikuwa wanasoma mikono yangu. Msichana mmoja ambaye kwao hakuna simu ya kuchezea aliurudisha wote, amefumba macho.

Kwa hiyo sikubaliani na Fundi kwamba ni hofu. "Hakukuwa na pa kutazama": mtoto mwenyewe amesema, tumwamini.

#5 Papa_Sebene
Salamu kwa wote. Mimi ni Mkongomani, niko Kampala miaka mingi, napiga gitaa kanisani.

Mwalimu, samahani, nitapinga kidogo. Mimi pia nilijifunza kwa kutazama. Nilikaa mbele ya kaka yangu nikitazama vidole vyake mwaka mzima, kwetu ndivyo tunavyojifunza. Macho siyo adui.

Tatizo ni upweke. Kwetu kuna gitaa la akompa linaloshika mdundo, kuna mi-solo ya katikati, kuna solo inayoongoza. Mi-solo ndiyo ngumu, kwa sababu ukiisikiliza peke yake ni kama haina maana, inazunguka tu. Maana yake iko kwenye nafasi ambazo akompa ameacha. Nilipopewa mi-solo mara ya kwanza nilifanya alivyofanya huyo kijana: nikaanza kufuata solo, kwa sababu solo ni tamu. Kiongozi wetu akaniambia nimwangalie mpiga akompa na niwe namjibu. Nilichukua miezi, na mimi gemu sijawahi kugusa maishani. Kwa hiyo msiitwike gemu mzigo usio wake. Mtu yeyote ambaye amepiga peke yake tu, hata kwa piano ya dhahabu, siku ya kwanza na mwenzake atapotea.

#6 Kijana_Kisenyi
Nimekubali kwa Konami, asante Fundi. Lakini Papa, gemu la watu wengi lipo. Rock Band ilitoka 2007: gitaa, besi, ngoma na mwimbaji, wanne chumba kimoja. Upweke uko wapi?

#7 Fundi_Redio_Arua
Wako wanne, ndiyo, ila kila mmoja ana barabara yake kwenye skrini. Mwenzako akipotea, barabara yako haitikisiki. Unaweza kuziba masikio ukamaliza wimbo. Hapo nakubaliana na Papa.

Ila tuseme ukweli wote. Ngoma za Rock Band, vibao vinne na pedali ya mguu, zilikaribia sana ngoma halisi. Na mwaka 2010 Rock Band 3 ilileta kiwango cha ufundi chenye gitaa la Mustang la vitufe 102: nafasi 17 kwa kila mojawapo ya nyuzi 6. Mwaka uliofuata Ubisoft wakatoa Rocksmith, hiyo unachomeka gitaa la umeme la kweli kwa waya. Gemu hizi ni ukoo mrefu, mtu asizihukumu zote kwa Guitar Hero ya pedi.

#8 Binti_Bombo
Mimi ni shahidi wa hizo ngoma za Rock Band. Nilikaa kwa binamu yangu ng'ambo miezi minane, tukicheza karibu kila jioni. Niliporudi Bombo, rafiki yangu ana ngoma za bendi kwao. Nilikaa, na mguu wa kulia ukaenda wenyewe huku mikono inafanya kazi nyingine. Yeye alisota mwaka mzima kuupata huo mguu! Nililia kwa furaha, sisemi uongo.

Lakini nilipiga vyote kwa nguvu moja. Kibao cha gemu hakijali umekigusa au umekitandika, hesabu ni ile ile. Rafiki yangu akanishika kiwiko akasema, "Hapa nong'ona." Sikujua ngoma inanong'onaje. Kwetu kwenye doluka, ngoma ya sisi Wanubi, bibi zangu wanajua kunong'ona na kupaza, mimi niliyejifunza kwa mashine sikujua. Bado najifunza.

#9 Afande_Mstaafu
Wadau, nimesoma wote. Nilipiga tarumbeta bendi ya jeshi, na kwa mama yangu ni Buganda, amadinda nimekua nayo. Niseme machache kuhusu ala yenyewe, maana naona inatajwa tu.

Anayeanza anaitwa omunazi. Anayekaa mkabala naye ni omwawuzi, yaani mgawanyaji, na hapo ndipo alipowekwa mpwa wa Mjomba. Kila mmoja ana mpangilio wake ulio sawa kabisa, pigo na pigo, na wa mmoja unaingia kwenye nafasi za mwingine. Sasa sikilizeni siri yake: omwawuzi hahesabu kwamba yuko nyuma ya pigo. Kwa hesabu yake pigo lake ndilo pigo kuu, na omunazi ndiye yuko katikati. Omunazi naye anahesabu hivyo hivyo upande wake. Wote wawili wako sahihi.

Mtoto aliyekua na gemu amezoea mstari mmoja chini ya skrini, kila kitu kinapimwa hapo. Amekuta ala yenye mistari miwili. Hilo haliponywi na kufumba macho, mwalimu, wala na wingi wa watu, Papa. Linahitaji kichwa kingine.

Na kuna wa tatu, omukoonezi. Ana vibao viwili tu, vile vidogo vya mwisho. Kazi yake ni kusikiliza mchanganyiko wa wale wawili, na kila noti inayoangukia kwenye vibao viwili vizito vya mwanzo, yeye anairudia juu. Hiyo sauti yake hakuna mtu mmoja anayeipiga yote pale chini. Inazaliwa wawili wakipishana. Gerhard Kubik, Mwaustria aliyejifunza kwa Evaristo Muyinda, aliandika mwaka 1960 jinsi masikio yanavyosikia miondoko ambayo hakuna mkono mmoja unaoipiga. Wazee walikuwa wanalijua hilo, ndiyo sababu walimweka mtu wa kuliokota.

Baada ya ikulu ya Mengo kuvamiwa mwaka 1966 wapigaji wa ikulu walitawanyika. Huyo mzee wa Mukono bado anamwita mtoto wa watu akae mkabala naye. Mjomba, mrudishe kijana kwake.

#10 Mjomba_wa_Walukuba
Afande, shikamoo. Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Nitamrudisha.

#11 Msoga_wa_Iganga
Mnaidharau gemu kwa sababu ni kubonyeza tu. Mimi niitetee kwa kitu cha kwetu Busoga.

Mnazijua bigwala? Tarumbeta za vibuyu. Kila mpulizaji ana sauti moja. Moja! Hana wimbo, ana noti yake na wakati wake. Watano au zaidi wakipuliza kwa zamu, wakizunguka ngoma huku wanacheza, ndipo wimbo unatokea. UNESCO wameziweka mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa sababu wanaozijua wamebaki wachache. Mpuliza bigwala ana vitufe vichache kuliko pedi ya PlayStation, na hakuna aliyewahi kumwambia si mwanamuziki. Kazi yake yote ni kuingia kwa wakati, na hiyo ndiyo kazi ya gemu. Kwa hiyo mpwa wa Mjomba amesomea nusu ya bigwala bila kujua.

#12 Mwalimu_Mbale
@Msoga_wa_Iganga umenifikirisha sana. Ila mpuliza bigwala anajuaje zamu yake? Haoni kigae kikishuka. Anaubeba wimbo mzima kifuani ndiyo ajue noti yake iko wapi. Hiyo nusu nyingine ndiyo naililia.

#13 Msoga_wa_Iganga
Na aliyecheza wimbo mmoja mara mia nane haubebi kifuani? Mfunike skrini uone.

#14 Fundi_Redio_Arua
Mjomba, swali la kifundi kabla hatujaenda mbali: kijana anatumia spika za masikioni zisizo na waya?

#15 Mjomba_wa_Walukuba
Ndiyo, za Bluetooth, hazimtoki. Kwani?

#16 Fundi_Redio_Arua
Basi huenda mmemwonea bure. Sauti ya Bluetooth inachelewa kufika sikioni, kidogo tu, lakini kwa mdundo hicho kidogo ni kingi. Kidole kinagusa kigae, sauti inakuja baadaye. Gemu nyingine zina sehemu ya kurekebisha hilo, wengi hawaigusi. Ukicheza hivyo kila siku, ubongo unaacha kuliamini sikio, unaamini jicho, kwa sababu jicho ndilo linalokupa alama. Kwenye ile PlayStation 2 na runinga ya zamani ya kichogo tatizo hilo halikuwepo. Jaribu kumpa za waya wiki mbili.

Simwambii mwalimu kwamba amekosea, ila wale watoto wake watatu nao angewauliza wanatumia nini.

#17 Adungu_Nebbi
Hamjambo. Mimi natengeneza adungu, vinubi vya Kialur.

Mnaongea mapigo tu, mapigo tu. Mtoto anapokuja kwangu, wiki ya kwanza hapigi wimbo. Anakaza nyuzi. Tunatumia nailoni ya kuvulia samaki, na nailoni mpya inalegea usiku kucha. Asubuhi ukiigusa imeshuka. Unazungusha kigingi kidogo, unasikiliza na ya jirani yake, unarudisha. Ngozi nayo mvua ikinyesha inalegea, jua likiwaka inakaza, sauti yote inabadilika. Gemu haijawahi kumwambia mtu, "Subiri, leo sijakaa sawa." Inakuja imeshatuniwa na fundi wa mbali. Mtoto anayejua mapigo yote ila hajui kama uzi umeshuka, huyo kwangu bado hajaanza.

#18 Kijana_Kisenyi
Mzee wa Nebbi, adungu ya nyuzi tisa ni bei gani? Naulizia kwa nia kabisa.

#19 Adungu_Nebbi
Njoo faraghani. Bei inategemea mti na ngozi.

#20 Binti_Bombo
Ngozi ya nini? Maana nasikia engalabi wanawamba ngozi ya kenge.

#21 Afande_Mstaafu
Engalabi ndiyo, kenge. Adungu ni ngozi ya ng'ombe au mbuzi. Engalabi kwa Baganda ndiyo ngoma ya kumalizia msiba, hata mtu akisema anakwenda "mu ngalabi" watu wanaelewa anakwenda kwenye olumbe. Ila siku hizi wanawamba pia ngozi nyingine, kenge waachwe wapumzike.

#22 Kijana_Kisenyi
Kenge wa Entebbe wanakushukuru, afande.

#23 Mama_Koboko
Wanangu, nimekuwa msomaji tu, leo niseme. Mjomba ameandika pale mwanzo kuhusu kinu halafu wote mmepita.

Mimi nimetwanga na dada yangu tangu nina miaka saba. Simsim, karanga, muhogo. Wawili kwenye kinu kimoja, wakati mwingine watatu. Mchi wa mwenzio huutazami, ukiutazama unachelewa na utaumia vidole. Unausikia kwa miguu, ardhi inakuambia. Wangu unapanda wake ukishuka. Tukichoka mmoja anaanza kuimba, ndiyo michi inakaa sawa tena. Hiyo amadinda ya afande mimi sijaipiga, lakini nikisoma anavyoeleza mikono yangu inaijua.

Huyo mtoto alishawahi kutwanga? Watoto wa mjini karanga wananunua zimeshasagwa.

#24 Papa_Sebene
Mama, merci. Mama yangu Bunia alikuwa anatwanga sombe na jirani, namna hiyo hiyo. Sikuwahi kuunganisha kinu na mi-solo mpaka nimesoma hapa.

#25 Mjomba_wa_Walukuba
Wadau, nimerudi na habari, siku kumi na mbili baadaye.

Kwanza, spika za waya nimemnunulia. Usiku wa kwanza alikosa vigae hadi akataka kuzitupa, siku ya nne akarudi kama zamani. Pili, nilifunika skrini kwa kitambaa cha jikoni, kama alivyosema Msoga. Wimbo anaoujua sana aliendelea sekunde kadhaa kwa sikio tu, kisha vidole vikapotea njia, si wakati. Yaani aligusa pasipo, lakini kwa saa yake hasa. Tatu, kinu. Nimeazima kwa jirani, ametwanga karanga na dada yangu jioni tatu. Jioni ya kwanza mchi ulimgonga dada kidole, nikakemewa mimi.

Jumamosi tukaenda Mukono. Mzee hakumweka tena kuwa omwawuzi. Alimweka mwisho, kwenye vile vibao viwili, na mjukuu wake akapiga mkabala. Akamwambia asipige chochote, asikilize tu. Nadhani zilipita dakika kumi, mtoto ameinamisha kichwa. Halafu akagusa noti moja. Ikakaa. Akaongeza ya pili. Aliokota mizunguko kama kumi na mmoja hivi, nilikuwa nahesabu kwa vidole chini ya meza, kisha mjukuu akaongeza kasi naye akatoka. Akaingia tena mwenyewe bila kuambiwa.

Kwenye gari aliongea njia nzima.

#26 Fundi_Redio_Arua
Spika za waya hizo.

#27 Mwalimu_Mbale
Fundi, ameinamisha kichwa! Hakutazama mtu!

#28 Msoga_wa_Iganga
"Kwa saa yake hasa." Gemu hiyo, jamani. Nani mwingine alimpa hiyo saa?

#29 Afande_Mstaafu
Mizunguko kumi na mmoja kwenye sehemu ya omukoonezi siku ya kwanza si haba. Mjomba, akienda tena arudishwe kwenye okwawula, ile kazi ya omwawuzi, asiikimbie.

#30 Mama_Koboko
Na kidole cha dada kimepona?

#31 Mjomba_wa_Walukuba
Kimepona, mama, asante. Anadai kinu chake mwenyewe sasa, cha jirani kimerudishwa. Na kijana anataka tutengeneze amadinda ndogo nyumbani. Migomba ninayo uani. Nani anajua fundi wa karibu na Jinja mwenye mti wa lusambya uliokauka vizuri? Vibao vitano vya kuanzia vinatosha.

#32 Msoga_wa_Iganga
Njoo Iganga siku ya soko, nitakupeleka kwa mtu. Njoo na kijana, achague kwa kugonga mwenyewe.